Walinitafutia kitongoji tulivu, hawakuuliza nalala saa ngapi

Kengele ya kwanza ililia saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Ya pili saa mbili kamili. Pakatulia kidogo, mwalimu mwenye sauti nzito akaanza kuita majina, na saa nne na nusu uwanja mzima ukafumuka: mamia ya watoto, filimbi, mpira ukigonga ukuta. Ukuta huo ulikuwa hatua kumi na tano kutoka kitandani kwangu. Hiyo ilikuwa Jumatatu yangu ya kwanza katika nyumba mpya, nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimefunga pazia, nimelala dakika ishirini.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi. Nilihamia mji nisioujua kwa sababu ya kazi, na mwajiri mpya akanilipia huduma ya kampuni inayowatafutia wafanyakazi wageni mahali pa kupanga. Jina lake silitaji, maana ninachotaka kukisema kinahusu huduma ya aina hii popote inapouzwa. Nilichopewa ni hivi: fomu ya maswali, mapendekezo ya vitongoji vitatu, siku moja ya kuzungushwa na wakala, kusimamiwa mkataba, na kukabidhiwa nyumba. Nimekaa nayo kuanzia mwanzo hadi siku niliyorudisha funguo, kwa hiyo naandika nikiwa nimeiona yote.

Fomu ilikuwa na maswali ishirini na sita. Nyumba au ghorofa. Vyumba vingapi. Una gari? Una watoto? Unafuga mnyama? Unapenda karibu na maduka au karibu na mahali pa kufanyia mazoezi? Kodi isizidi sehemu gani ya mshahara? Nilijibu kwa makini, nikaandika kazi yangu na wodi yangu, nikaandika kwamba sina gari. Hapakuwa na swali lolote kuhusu saa. Unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, unalala saa ngapi: hakuna. Wakati ule sikuliona pengo hilo. Nimezoea watu kuniuliza kama ninaogopa maiti. Kuulizwa usingizi wangu sijazoea.

Mimi mwenyewe nilikuja na jambo moja tu kichwani, nalo ni dakika za safari. Nilikuwa nimesoma kuhusu utafiti wa wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey uliochapishwa mwaka 2008, uliotumia takwimu za kaya za Ujerumani. Nadharia ya uchumi inasema mtu anayekubali safari ndefu ya kwenda kazini analipwa kwa njia nyingine: nyumba nzuri zaidi, kodi nafuu, au mshahara mkubwa. Wao waliona kwamba fidia hiyo haifiki. Wenye safari ndefu walisema hawaridhiki na maisha yao kama wale wa safari fupi, hata baada ya kuhesabu nyumba na mshahara. Hilo liliniingia. Nilimwambia wakala, safari isizidi nusu saa, mengine tutazungumza.

Wakala alikuwa kijana mwenye adabu na anayeijua kazi yake. Alinichukua Jumamosi saa nne asubuhi, siku yangu ya mapumziko, tukazunguka hadi saa tisa. Kitongoji cha kwanza kilikuwa juu ya kilima, hewa safi, lakini kupanda kutoka kituo cha basi kulinimaliza miguu, nikakikataa ndani ya gari. Cha pili kilikuwa karibu na kituo cha treni. Hapo alipunguza mwendo tu, akasema, "Dada, hapa nakuonyesha kwa sababu kipo kwenye orodha, lakini kuna kelele. Wewe unahitaji kupumzika." Nilimshukuru kwa kunijali, na tukapita.

Cha tatu ndicho nilichokipenda. Miti mikubwa pande zote za barabara, nyumba zimeachana, kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakidondoka kwenye bustani ya jirani. Alisimamisha saa ya simu yake, akanionyesha: dakika kumi na nane kutoka lango la hospitali. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukuta mrefu na paa la shule. "Na shule ni nzuri sana," alisema. "Mtaa wenye shule nzuri hauchakai, watu wanaopanga hapa ni familia, hakuna fujo." Yote aliyoyasema ni kweli. Nikatia saini wiki iliyofuata.

Nirudi kwenye ile Jumamosi, kwa sababu kosa lote limelala humo. Jumamosi shule imefungwa. Jumamosi saa nne barabara haina foleni. Jumamosi mafundi wa jirani hawachongi mbao. Dakika kumi na nane zilikuwa za gari, na mimi nimeandika kwenye fomu kwamba sina gari. Kampuni hizi huwatembeza wateja Jumamosi kwa sababu ndiyo siku mteja ana nafasi, sioni hila ndani yake, lakini matokeo yake ni kwamba mteja anauona mtaa ukiwa umevaa nguo za sikukuu. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyeniambia nilipokwenda kumsalimia nikiwa na macho mekundu. "Wapangaji wote wa nyumba hiyo huletwa Jumamosi, mwanangu. Ungekuja Jumanne."

Basi nikaanza kuijua njia yangu ya kweli. Zamu ya mchana kwetu inaanza saa moja asubuhi. Siku za kazi basi la kwanza lilinifikisha kwa wakati, nikiwa nimebanwa katikati ya watu, dakika arobaini na tano hadi saa nzima. Zamu ya usiku ilikuwa rahisi zaidi kwa safari: watu wanatoka mjini, mimi naingia, wanaingia, mimi natoka. Tatizo lilikuwa Jumapili. Kwenye ratiba iliyobandikwa kituoni kulikuwa na safu nyembamba upande wa kulia, imeandikwa Jumapili na sikukuu, na basi la kwanza katika safu hiyo lilipita saa moja na dakika tano. Saa ambayo mimi natakiwa niwe nimeshapokea ripoti ya wagonjwa. Mara mbili kwa mwezi nilikuwa nalipa teksi kwenda kazini, na pesa yote niliyodhani nimeiokoa kwenye kodi ikaishia humo.

Hili lingeonekana kwa dakika tano tu. Google Maps inakuruhusu kuchagua siku na saa unayotaka kufika, na ukiweka usafiri wa umma badala ya gari, inakupa safari kwa mujibu wa ratiba, pale ambapo wenye mabasi wameiweka ratiba yao huko. Ukiiacha kama ilivyo, inakujibu kwa saa uliyoifungua. Wengi wetu tunatafuta nyumba usiku tukiwa tumekaa kitandani, barabara zikiwa wazi, halafu tunaamini zile dakika. Weka Jumapili. Weka saa yako ya kuripoti. Na ukitazama picha za barabara, angalia mwezi na mwaka zilipopigwa, maana zimeandikwa palepale. Picha inaweza kuwa na umri wa miaka kadhaa, na kiwanja kitupu unachokiona kikawa leo ni gereji.

Kutembea usiku nako kulikuwa na lake. Zamu ya jioni inaisha saa tatu na nusu, nashuka basi karibu saa nne na robo. Kutoka kituoni hadi mlangoni zilikuwa hatua mia tisa, nilizihesabu. Mwanga wa taa za barabarani uliishia kwenye kona, na mia mbili za mwisho zilikuwa gizani kwa sababu matawi yamezifunika taa. Miti ile ile iliyonivutia mchana. Nilikuwa natoa funguo mkobani kabla ya kona, nakaza mwendo, na sikuwahi kuzizoea zile hatua hata usiku mmoja.

Lakini usingizi ndio ulionishinda. Nilijaribu vizibo vya masikio, nikajaribu pazia mbili, nikahamishia kitanda ukuta wa pili. Chumba cha kulala kilitazama mashariki, jambo ambalo kwa mtu anayeamka asubuhi ni baraka, na kwa mtu anayelala asubuhi ni taa inayowashwa usoni. Nikaweka programu ya kupima sauti kwenye simu. Simu si kifaa cha maabara, lakini inatosha kulinganisha: dirisha limefungwa, chumba kimya, desibeli 36, mapumziko ya shule, 58. Kipimo hiki hakipandi kama rula. Kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi, kwa hiyo tofauti ile ni kubwa kuliko tarakimu zinavyoonyesha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unasema chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30 mtu alale vizuri, na kishindo kimoja kimoja kisivuke 45. Mwongozo unazungumzia usiku. Usiku wangu unaanza saa mbili na nusu asubuhi.

Wiki ya sita nilimpigia wakala. Nakumbuka maneno yake vizuri kwa sababu hakuwa na kiburi hata kidogo, alishangaa kweli. "Dada yangu, hukuniambia unafanya kazi usiku." Nikamwambia, niliandika kwenye mstari wa nne kwamba ni muuguzi wa wagonjwa mahututi. Akanyamaza, kisha akasema fomu haina sehemu ya kuandika saa. Nikaandika barua kwa ofisi yao. Niliwaeleza kwamba siombi anasa. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa inasababisha saratani kwa binadamu, mwaka 2007, na ikaithibitisha nafasi hiyo mwaka 2019. Mtu anayeifanya kazi hiyo anahitaji kulindiwa usingizi wake wa mchana kama mtoto mchanga. Na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anahitaji muuguzi aliyelala, asije akakosea nukta ya desimali kwenye dozi. Nilijibiwa kwa heshima kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Sasa niseme upande wao mzuri, kwa sababu upo na ni mkubwa.

Siku ya kukabidhiwa nyumba wakala alikuja na tochi, daftari na muda wa kutosha. Alifungua bomba la jikoni, bafu na kuvuta maji ya choo kwa wakati mmoja, tukasimama tukitazama kama maji yatapungua. Aliwasha kila swichi. Alichomeka chaja yake kwenye kila soketi. Alipiga magoti nyuma ya kabati na kunionyesha mahali ukuta umepakwa rangi mpya chini tu, kimo cha goti, akanigusisha mkono: ubaridi. "Hapa unyevu unapanda kutoka chini. Rangi imefunika, haijatibu." Akaandika. Akapiga picha 140, akanitumia zote siku ileile pamoja na mama mwenye nyumba, na mita ya umeme na ya maji zikiwa na tarakimu zinazosomeka. Mimi peke yangu ningepiga picha ya sebule na dirisha.

Na mkataba. Rasimu ya kwanza ilisema mwaka mzima, na mpangaji akiondoka kabla, anadaiwa kodi ya miezi iliyobaki. Nilikuwa tayari kusaini, maana nilikuwa nimechoka na kulala hotelini. Wakala akanizuia mkono. Alimwambia mama mwenye nyumba kwamba mgeni wa kazi hajui kesho yake, anaweza kubadilishiwa kituo, na mpangaji anayelazimishwa kubaki hutunza nyumba vibaya. Walivutana siku mbili. Kikaandikwa kifungu kipya: baada ya miezi mitatu, mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Sentensi moja. Nilitoa notisi siku miezi mitatu ilipotimia na nikatoka mwisho wa mwezi wa nne bila kudaiwa chochote. Kama si kile kifungu, ningekuwa bado naisikiliza kengele.

Wakati wa kurudisha funguo mama mwenye nyumba alionyesha mkwaruzo mrefu kwenye sakafu karibu na mlango, akataka kuukata kwenye amana. Nikafungua picha ya sitini na tatu. Ulikuwepo, na tarehe ipo. Akaitazama, akasema, "Kweli, ulikuwepo," akanirudishia amana yangu yote. Tuliagana vizuri.

Nyumba ya pili niliitafuta mwenyewe, na hapa nieleze nilivyofanya, kwa sababu ndiyo kazi niliyotaka kampuni inifanyie. Nilichukua ratiba yangu ya zamu ya wiki sita zijazo, nikaandika pembeni ya kila zamu saa ya kutoka nyumbani, ya kurudi, na ya kulala. Nikagundua kwamba kati ya siku kumi za kazi, mchana nalala mara nne, na usiku baada ya saa nne natembea barabarani mara tatu. Nikaitazama ramani upya nikiwa na karatasi hiyo mkononi. Kitongoji kilichopanda juu ni kile cha kituo cha treni, ambacho tulikipita kwa gari bila kushuka.

Nilikwenda mara tatu kabla ya kuuliza kodi. Jumanne saa tatu asubuhi, nikakaa kwenye benchi saa nzima. Jumapili saa kumi na mbili alfajiri, nikahakikisha treni ipo, na ipo. Ijumaa saa nne usiku, nikatembea kutoka kituoni: hatua mia tatu na arobaini, taa hazikatiki, kuna duka la dawa lililo wazi na mlinzi mlangoni. Halafu nikapanga chumba cha wageni mtaa huohuo kwa siku tatu za zamu ya usiku, nikalala mchana. Watu wa kazini waliniona nimezidisha, kulipia chumba wakati nina nyumba. Ile pesa ya siku tatu ilikuwa ndogo kuliko teksi zangu za miezi miwili.

Treni zinasikika, siwezi kukataa. Asubuhi hupita kila baada ya dakika kumi hivi. Lakini ni mngurumo unaokuja taratibu na kuondoka taratibu, na siku ya pili mwili wangu ulishauzoea. Kilichokuwa kikiniamsha kule ni vishindo: kengele, filimbi, mtoto mmoja anayepiga yowe baada ya kimya. Kwa wengine inaweza kuwa kinyume, ndiyo maana nasema lala pale kwanza. Nilichagua ghorofa ya tatu, chumba kinatazama magharibi, upande wa nyuma. Presha ya maji ni ndogo kuliko kule, bafu linanitesa kidogo, na sina bustani. Kodi iko juu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Nalala saa sita mfululizo, mara nyingine saba.

Kama unahamia kwa kazi ya ofisini, unatoka asubuhi na kurudi jioni, huduma hii itakufaa, na vitongoji watakavyokupendekezea huenda vikawa sawasawa, maana fomu yao imeandikwa kwa ajili yako. Waombe tu wakutembeze siku ya kazi hata kama itabidi uombe ruhusa. Kama unafanya zamu, au unafungua duka la mikate saa tisa usiku, au unaendesha gari la mizigo, usiwaachie kuchagua mtaa. Waandikie saa zako juu kabisa kwenye fomu, hata kama hakuna nafasi, na ukawatembelee majirani mwenyewe.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Zote tatu ni za yule kijana wa tochi na kile kifungu cha mwezi mmoja. Mwezi ujao anakuja muuguzi mwingine kwenye wodi yetu kutoka mbali, na mwajiri amemlipia huduma ileile. Nimemwomba anitumie ratiba yake ya zamu kabla hajaijaza fomu, na Jumanne nikitoka kazini nitampitia mtaa wake.